Miti Isiyo na Mbegu: Shelisheli la Visiwani na Mgomba wa Rungwe

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, Nyanda za Juu Kusini huwa na majiko ya namna mbili. Huko Ismani, kaskazini mwa mji wa Iringa, mahindi ya msimu mpya bado yamo shambani, magunia ya msimu uliopita yanahesabika, na mama mwenye nyumba ameanza kupima unga kwa kikombe. Siku hiyohiyo kule Rungwe, mvua ikiwa haijakatika tangu usiku, mtu anachukua panga, anazunguka nyuma ya jiko, anaangusha mgomba na kurudi na mkungu begani. Mgomba huo hakuupanda mwaka huu. Huenda shina la kwanza lilipandwa na bibi yake, na tangu hapo maotea mapya yamekuwa yakishika nafasi ya yaliyokatwa.

Anayedhani kwamba tofauti hiyo ni ya bidii anawaonea watu wa Ismani. Miaka ya 1950 na 1960 Ismani ilikuwa ghala la mahindi la kutajwa nchi nzima, mpaka ardhi ikachoka kwa kulimwa mfululizo. Tofauti iko kwenye mvua, na iko kwenye mmea wenyewe. Hindi huishi miezi michache, huzaa, hufa, na mwaka ujao mkulima huanza upya: kulima, kununua mbegu, kupalilia, kuomba mvua isichelewe. Mgomba hubaki palepale, mizizi yake imeshika udongo, na hutoa chakula mwezi wowote.

Kwa muda mrefu utafiti wa kilimo duniani uliweka nguvu zake kwenye nafaka: ngano, mchele, mahindi. Sasa, joto likizidi na mvua zikikosa adabu, wanasayansi wanaigeukia upya mimea ya wanga inayodumu shambani miaka mingi. Mmoja wanaouchunguza kwa hamu kubwa ni mti ambao watu wengi wa Mbeya na Iringa hawajawahi kuuona kwa macho, ingawa wa Unguja na Pemba wamekula matunda yake tangu utotoni. Ni mshelisheli.

Mshelisheli ni mti mkubwa, wenye majani mapana yaliyochanika kingo kwa kina, na kivuli chake hufunika ua. Tunda ni la kijani, la kushikwa kwa mikono miwili, na ganda lake limegawanyika vijisehemu vidogo vyenye pembe. Ukilipasua likiwa limekomaa lakini halijaiva, utomvu mweupe unachuruzika na kunata kisuni na vidoleni, kwa hiyo mpishi mzoefu hupaka mafuta kwanza. Katikati kuna moyo wa rangi ya kahawia ambao hutupwa. Nyama inayouzunguka ni nyeupe inayoelekea umanjano, kavu, yenye wanga mwingi. Visiwani huipika kwa nazi na samaki, huikaanga vipande vyembamba, au huchoma tunda zima juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi. Ramadhani ikiingia, shelisheli hukaa kwenye futari pamoja na muhogo, ndizi na majimbi.

Tunda hilo, kwa kweli, ni mkusanyiko. Mamia ya maua madogo ya kike yaliyokaa pamoja kwenye kikonyo kimoja huungana yakikua na kuwa mwili mmoja, na kila kijisehemu kwenye ganda ni alama ya ua moja. Ndivyo lilivyo pia fenesi, ambalo ni ndugu yake wa karibu. Mtini na mkuyu nao ni wa ukoo huohuo, na utomvu mweupe unaoonekana ukikwaruza gome la mkuyu pale kando ya mto ni wa jamii moja na ule unaonata kwenye kisu cha mpishi wa Pemba.

Sasa tafuta mbegu ndani ya shelisheli. Mara nyingi hutaipata. Mti huu huzaa tunda nono lisilo na kazi ambayo tunda liliumbiwa, yaani kubeba kizazi kijacho. Mkulima akitaka mti mwingine huenda kwenye mizizi inayopita karibu na uso wa ardhi, huichubua kidogo, na pale penye kidonda huchipua mche. Mche huo ni mti uleule wa zamani, sehemu yake iliyohamishwa.

Jambo hilo liliwashangaza watu wengi kwa miaka mingi: mti usio na mbegu ulifikaje kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyotengana kwa maelfu ya kilomita za maji? Mwaka 2004, Nyree Zerega pamoja na Diane Ragone na Timothy Motley walichapisha majibu waliyoyapata ndani ya vinasaba vya miti hiyo. Walilinganisha mishelisheli ya visiwa vingi na ndugu zake wa porini, wakaona kwamba mzazi wake mkuu ni mti wa New Guinea ambao matunda yake yamejaa mbegu kubwa na nyama yake ni haba. Mabaharia wa kale waliohama kutoka magharibi kwenda mashariki walibeba miche ya mizizi kwenye mitumbwi yao. Kila walipotua walichagua miti yenye nyama nyingi na mbegu chache, na waliosafiri mbali zaidi, hadi Tahiti na jirani zake, ndio walioishia na miti isiyo na mbegu kabisa. Katika visiwa vya Micronesia mti huo ulikutana na ndugu mwingine wa porini anayevumilia chumvi, wakachanganyika, na uzao wao ukaweza kuishi kwenye visiwa vidogo vya matumbawe ambako karibu hakuna udongo.

Kwa hiyo historia ya mmea huu iliandikwa na watu wenye mikono ya kilimo, karne nyingi kabla ya maabara. Walijua pia kuuhifadhi: tunda likizidi walilifukia kwenye mashimo yaliyotandikwa majani, likachacha, na wakaweza kula akiba hiyo muda mrefu baada ya msimu, hata kimbunga kikiwa kimeangusha kila kitu.

Sehemu ya historia hiyo ni chungu. Mwaka 1787 serikali ya Uingereza ilimtuma nahodha William Bligh kwa meli ya Bounty kwenda Tahiti kuchukua miche ya mshelisheli, lengo likiwa kupata chakula rahisi kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa ya Karibi. Mabaharia wake walimwasi Aprili 1789, na miche zaidi ya 1,000 ikatupwa baharini. Alirudi tena kwa meli nyingine, na mwaka 1793 miche ikafika Saint Vincent na Jamaika. Miti mingi ya Karibi leo ni uzao wa mzigo huo. Ni vizuri tukumbuke kwamba mmea ulioheshimiwa na waliouzaa ulisafirishwa kwa hesabu ya faida juu ya migongo ya watu wetu, na kwamba wajukuu wa watu hao ndio walioufanya chakula cha fahari.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, Zerega akiwa mmoja wao, walitoa matokeo yanayotuhusu moja kwa moja. Walichukua taarifa za maeneo yote yanakojulikana kumea mishelisheli, wakazilinganisha na joto na mvua ya maeneo hayo, kisha wakapiga hesabu za hali ya hewa inayotarajiwa katika nusu ya pili ya karne hii. Eneo linalofaa kwa mti huo katika nchi za joto lilipungua kwa takriban asilimia 4 na nusu tu. Na sehemu waliyoitaja kuwa na nafasi kubwa ya kuupanda zaidi, ambako bado haujaenea, ni Afrika kusini mwa Sahara.

Habari hiyo ni kubwa. Mti mmoja uliokomaa unaweza kutoa matunda mia na zaidi kwa mwaka, kila moja likiwa na uzito wa kilo moja au zaidi, na huanza kuzaa miaka mitatu hadi mitano baada ya kupandwa. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichapisha majaribio ya unga wake: protini yake ilimeng'enywa kwa urahisi kuliko ya ngano, na panya waliolishwa unga huo walikua vizuri bila dalili ya madhara.

Basi mtu wa Mbeya atauliza: tuanze lini kupanda? Hapo ndipo jiografia yetu inapotuzuia. Mshelisheli unapenda joto la nyuzi 21 hadi 32 za Selsiasi, na kwa kawaida hustawi vizuri kutoka ufukweni hadi mita mia sita hivi juu ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700. Tukuyu iko karibu mita 1,500, na mji wa Iringa hauachani nayo sana. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulioko mita 2,600, baridi ya Juni na Julai huleta umande unaoganda hadi kuunguza majani. Mshelisheli hautavumilia hata kidogo. Ismani nako, pamoja na ukavu wake, si kwao.

Sehemu moja ya mkoa wa Mbeya inakaribia masharti hayo, nayo ni Kyela. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda ziwani unateremka karibu mita 1,000 kwa safari fupi ya basi, na mtu aliyevaa sweta asubuhi huwa amelivua kabla hajafika Ipinda. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, mvua ni nyingi, joto lipo, na watu wa Kyela tayari wanaishi kwa kokoa, mpunga na michikichi. Ningependa kuona vituo vyetu vya utafiti vikiupima mti huu pale, kwa miche safi iliyozalishwa maabara. Njia ya kuizalisha kwenye chupa ipo. Susan Murch wa Chuo Kikuu cha British Columbia alishirikiana na Ragone kuitengeneza, na miche hiyo imeshapelekwa nchi nyingi.

Lakini kwa sisi tunaoishi juu ya Kyela, jibu linalofaa zaidi tayari liko nyuma ya jiko. Kila sifa inayofanya dunia iusifie mshelisheli, mgomba unayo, na Rungwe imeishi nayo kwa vizazi. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alivutiwa mno na vijiji safi vilivyokaa chini ya kivuli cha migomba. Mbalaga, yaani ndizi za kupika, zilipikwa hapo kabla ya barabara, kabla ya chai, kabla ya parachichi. Udongo wa majivu ya volkano na mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka viliufanya mgomba mti wa nyumbani, na hadi leo malori yanayopakia Kiwira hupeleka mikungu mbali.

Na mgomba una siri ileile ya shelisheli. Chukua ndizi ya kisukari iliyoiva, ikate kwa upana, uitazame karibu na dirisha. Katikati utaona vidoa vyeusi, vidogo kama chembe za pilipili manga, vimejipanga katika sehemu tatu. Hivyo ndivyo vilivyobaki vya mbegu ambazo hazikuweza kukua. Ndizi za porini za Asia ya Kusini-Mashariki zina mbegu ngumu za kuvunja jino, nyingi kiasi kwamba hakuna nafasi ya chakula.

Kilichotokea kinaeleweka kwa hesabu ndogo. Ndani ya kila chembe hai ya mgomba wa porini kuna nyuzi 22 zinazobeba vinasaba, zinazoitwa kromosomu: 11 kutoka kwa baba na 11 kutoka kwa mama. Mmea ukitaka kutengeneza chavua au yai, hugawa 22 kwa 2, unapata 11, na mambo yanaenda. Migomba yetu mingi ina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11. Sasa ugawe vipi? Ni warithi wawili wanaotakiwa kugawana mbuzi watatu bila kuchinja hata mmoja. Mgawanyo unavurugika, chavua na mayai yanakuwa mabovu, na mbegu haifanyiki. Bahati yetu ni kwamba mgomba hunenepesha tunda lake hata pasipo mbegu. Mishelisheli mingi ya visiwa vya mbali ni hivyohivyo: ina seti tatu, kromosomu 84 badala ya 56.

Seti ya tatu ilitoka wapi? Hapa kuna ugunduzi ambao nadhani kila mtoto wa shule wa Tanzania angestahili kuusikia. Mwaka 2005 Louis-Marie Raboin na wenzake wa Ufaransa walitafuta wazazi wa ndizi zinazouzwa duniani kote, zile za Cavendish zinazojaa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani, pamoja na Gros Michel iliyotangulia. Walipima vinasaba vya migomba mingi yenye seti mbili. Waliokaribiana zaidi na mzazi aliyetoa seti mbili kwa mkupuo, badala ya moja, walikuwa kundi dogo la ndizi za Afrika Mashariki na visiwa vyake: Mlali, ndugu zake wa Komoro na Madagaska, na ndizi ya Zanzibar ambayo wataalamu huiandika Paka. Mahali fulani katika ukoo huo wa ndizi, kosa la mgawanyo liliipitisha chavua au yai lenye kromosomu zote 22. Likakutana na 11 za mzazi mwingine, zikawa 33. Utafiti wa Xavier Perrier na wenzake uliofuata ulionyesha kwamba ukoo huo wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba uliletwa kwetu kwa njia ya bahari. Mshare wa Kilimanjaro na Meru nao umo katika jamaa hiyohiyo.

Kwa maneno mengine, jamaa wa ndizi inayoliwa London bado wanaoteshwa na wakulima wa Zanzibar kando ya mishelisheli yao. Tunazoea kudhani kwamba mbegu za thamani hutoka nje na sisi ni wapokeaji. Hapa tumewatunzia walimwengu.

Ila kukosa mbegu kuna gharama, na ndilo jambo ninalotaka wasomaji wa Rungwe, Busokelo na Mufindi walibebe kwa uzito. Mmea unaozaa kwa mbegu huchanganya vinasaba kila kizazi, na ndani ya shamba la mbegu daima kuna watoto wachache wanaostahimili ugonjwa mpya. Mgomba hauna nafasi hiyo. Otea ni nakala ya mama. Uchunguzi wa vinasaba vya ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile za Kagera na Uganda zenye majina mengi kuliko siku za mwezi, umeonyesha kwamba karibu zote zimetokana na mmea mmoja wa kale, zikitofautiana kwa mabadiliko madogo tu. Ugonjwa ukijua kuingia kwenye shina moja, umejua kuingia kwenye mashina yote ya aina hiyo.

Gros Michel ilifundisha somo hilo kwa mabilioni ya pesa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ndiyo iliyotawala biashara, mashamba ya Amerika ya Kati yakiwa na aina hiyo moja kutoka upeo hadi upeo. Mnyauko fuzari, kuvu anayeishi udongoni na kuziba mishipa ya maji ya mgomba, aliyafagia. Kufikia miaka ya 1960 biashara ilihamia Cavendish kwa sababu ilistahimili. Kuvu huyohuyo yupo kwetu, na kisukari ni mmoja wa wahanga wake wa kawaida: majani yanageuka manjano kuanzia kingo, yananing'inia kulizunguka shina, na ukilikata shina unaona mistari ya kahawia ndani. Kisha likaja kundi jipya la kuvu huyo, linaloua hata Cavendish. Mwaka 2013 lilithibitishwa kwenye shamba la ndizi Nampula, Msumbiji. Mwaka 2019 lilithibitishwa Mayotte. Vijidudu vyake hukaa udongoni miongo kadhaa bila mgomba wowote, na hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya mgomba ulioambukizwa. Husafiri kwa otea la zawadi, kwa tope la kiatu, kwa gurudumu la lori.

Ugonjwa mwingine, mnyauko bakteria ambao wengi huuita unyanjano, ulitambuliwa Uganda mwaka 2001 na miaka michache baadaye ukaingia Kagera, ambako familia nyingi zilipoteza mashamba. Huu una tabia tofauti. Wadudu huubeba kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga letu humalizia kazi. Utafiti uliofanywa katika Kongo ya Mashariki na kwingineko ulileta nafuu ya kweli kwa mkulima. Mwanzoni watu waliambiwa wang'oe kisiki kizima, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wengi waliikataa. Baadaye ikaonekana kwamba bakteria hawaenei kwenye mashina yote ya kisiki, kwa hiyo kukata mapema shina linaloumwa tu, chini kabisa usawa wa ardhi, na kurudia kila dalili inapoonekana, hupunguza ugonjwa mpaka shamba linarudi. Ongeza kuondoa ua dume mara tu chane ya mwisho inapotokeza, kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kupitisha panga motoni kabla ya kwenda shina jingine. Haya hayahitaji mkopo wa benki.

Wazalishaji wa mbegu nao wamelikabili fumbo la seti tatu. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya IITA walichavusha kwa mkono ndizi za kupika zilizobahatika kuwa na yai zima moja moja, wakapata mbegu chache sana kwa mikungu mingi, wakaziotesha maabara, na baada ya miaka mingi wakapata machotara 27 waliyoyaita NARITA. Yalipandwa kwa majaribio Uganda na Tanzania, Rungwe ikiwamo, na wakulima wenyewe wakayapika na kuyaonja. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilitoa aina nne kutoka kazi hiyo, TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4, zenye mavuno mazuri na ustahimilivu wa madoa meusi ya majani. Kwenye kampasi ya Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha wanafanya kazi kama hiyo kwa ajili ya mshare. Nazipokea aina hizi kwa furaha. Zipandwe kati ya migomba ya zamani, zisiwe sababu ya kuifuta.

Wanga ni wanga, hata hivyo, uwe wa ndizi, wa shelisheli au wa mahindi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, mkoa wenye chakula, unaongoza nchi kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano: karibu 57 kati ya kila 100. Njombe inafuata kwa nusu ya watoto wake. Inaumiza kusema hivyo juu ya mikoa inayolisha miji mingine. Mtoto aliyejazwa ugali au mbalaga tupu ameshiba, lakini hakupata maharage, dagaa wa Nyasa, yai, maziwa wala mboga za majani vinavyojenga mwili. Faida ya mti wa chakula ni kumwachia mama muda na ardhi ya kupanda vitu hivyo chini ya kivuli chake. Bila hivyo, tumebadilisha tu kile kinachojaza sahani.

Sasa kwa aliye na jembe mkononi. Usichukue otea kwenye shamba lenye majani yanayonyauka, hata kama mwenye shamba ni shemeji yako, na usilete otea wala udongo kutoka Msumbiji. Ukishapata otea zuri, kata mizizi yote, kisha menya tunguu kwa kisu mpaka libaki jeupe. Ukiona matundu meusi yanayopinda ndani yake, hapo fukusi wa migomba ameshapita. Endelea kumenya, na kama yamefika katikati, litupe mbali na shamba. Chemsha maji kwenye pipa au sufuria kubwa. Yakitokota, zamisha tunguu kwa sekunde 30, hesabu kwa sauti, litoe, liache lipoe, ulipande. Watafiti wa IITA walipima njia hii na kuona kwamba inaua sehemu kubwa ya minyoo fundo na mayai ya fukusi bila kuliua otea. Kuni ni zako, maji ni yako.

Na wewe unayeng'oa migomba mwaka huu ili upande parachichi au chai, sikulaumu. Ada za shule zinalipwa kwa fedha, na parachichi linalipa. Ila usiwe na haraka. Pita shambani na mama au bibi anayezijua, mtaje kila aina kwa jina lake la kwenu, na ya kila jina mwachie jirani maotea mawili kabla hujashika jembe.